Mgongo wa Kabati

Muuzaji akikuonyesha kabati hukuonyesha uso wake. Amelifuta vumbi asubuhi, amelipitishia vanishi juzi, amelisogeza karibu na dirisha ili lipate mwanga, na funguo zote mbili zinaning'inia kitasani. Mnunuzi wa kawaida husimama pale pale mbele, akafungua mlango, akaufunga, akasema limependeza. Anayeijua kazi haanzii hapo. Huomba ruhusa, kisha huzunguka nyuma, kwenye mgongo ambao seremala hakuupiga msasa na mwenye nyumba hajauona tangu siku kabati lilipoegeshwa ukutani.

Mtu huyo ndiye ninayetaka kumsifu. Maseremala wamesifiwa na wanastahili: ukiona vyaelea, vimeundwa. Lakini yupo anayeitwa miaka thelathini baadaye, kuangalia kama kilichoundwa bado kinaelea. Hana karakana wala kibao cha biashara. Mara nyingi ni seremala aliyestaafu, mjomba wa mtu au jirani, anayeombwa aje Jumamosi kabla pesa hazijatoka mfukoni, na malipo yake ni nauli na chakula cha mchana. Mimi humfuata mmoja wa namna hiyo, mzee aliyezeekea kwenye karakana za Keko, na mengi ninayoyaandika hapa nimeyaona akiyafanya, maana kuyasema hayasemi sana.

Jijini Dar es Salaam msimu wa kazi hii ni katikati ya mwaka. Shule za kimataifa zinafunga mwaka wa masomo, mikataba ya wageni inakwisha, na nyumba za Masaki, Oysterbay na Mikocheni zinatoa vyombo nje. Misimu mingine haina tarehe: familia inayogawa mirathi, ofisi inayopiga mnada meza zake, nyumba ya zamani ya Upanga inayobomolewa ili lipande ghorofa. Wanaokwenda kununua hawafuati bei peke yake. Wengi wanafuata mbao. Meza ya mninga ya miaka ya sabini ilipasuliwa kutoka mti mpana, na ubao wake mmoja unaweza kutosha upana ambao leo seremala ataupata kwa kuunga vipande vitatu. Pia imeshakauka. Mbao mbichi humalizia kukauka sebuleni kwako, na mlango uliofunga vizuri Machi unaacha mwanya Agosti. Chombo cha zamani, kama kilikuwa na nia ya kupasuka, kimeshapasuka. Faida yake kubwa ndiyo hiyo: makosa yake yameshatokea, kazi iliyobaki ni kuyaona.

Kabla ya jicho, pua. Mzee hufungua mlango wa kabati ghafla na kuingiza kichwa kabla hewa ya ndani haijatoka. Uvundo humwambia kwamba kabati liliegemea ukuta unaovuta maji, naye ataukagua mgongo kwa makini zaidi. Vidonge vya nondo humtia shaka, si kwa sababu ni vibaya, bali kwa sababu vinafunika harufu nyingine zote. Mafuta ya taa ni habari nzito: mtu alipigana na wadudu, na swali ni nani alishinda. Vanishi mbichi nayo ina swali lake. Anayehama wiki ijayo, kwa nini ahangaike kung'arisha anachokiacha? Pengine anataka bei nzuri, na hilo si dhambi. Pengine anaziba matundu. Mara moja moja hutokea raha: droo inavutwa na kafuri inapanda puani, safi kabisa, kumbe chombo ni cha mkulo, ule mti wa milima ya Usambara ambao hunukia hata baada ya mwenye nyumba kuzeeka. Hapo mzee hutabasamu, hurudisha droo, na kuivuta tena bila sababu yoyote.

Wadudu ndio sura ndefu ya kazi hii, na hapo ndipo wengi wetu hupotea, kwa kuwa kila kinachotafuna mbao tunakiita mchwa na kumaliza. Mchwa wa ardhini anahitaji unyevu na njia. Hujenga vifereji vya udongo kutoka sakafuni, hupanda ndani ya mguu wa kabati, na anakula usiku na mchana bila kuonekana. Madhara yake yanatisha, lakini ukiliinua kabati umemkatia njia ya kurudi kwake. Alichokula amekula, kwako hafiki kirahisi. Mzee hutafuta udongo mkavu kwenye pembe za nyuma na chini ya kitako, hukwangua kwa ukucha, hukisia kiasi kilicholiwa, kisha huendelea.

Anayemhofia zaidi ni mchwa wa mbao kavu, anayeipenda sana hali ya hewa ya pwani. Huyu hahitaji udongo. Familia nzima huishi ndani ya ubao mmoja na kujitosheleza kwa unyevu mdogo uliomo humo humo, nawe unaweza kuibeba yote mgongoni mwa kirikuu hadi chumbani kwako. Hujisaliti kwa choo chake. Hutoboa kitundu, husukuma nje chembe ndogo ngumu, kisha hukiziba. Chembe hizo hazifiki milimita moja, na kila moja ina pande sita. Ukizisugua kati ya vidole zinateleza na kukwaruza kama mchanga. Zikiwa kijilima chini ya rafu, mwenye nyumba huzifagia akidhani ni takataka za dari. Mzee huzimimina kwenye kiganja, huzimulika kwa tochi ya simu, na hapo mazungumzo ya bei husimama.

Bungua ni mwingine kabisa. Unga wake ni laini kama sembe, na matundu yake ni mviringo safi wa milimita moja au mbili. Anachokitafuta kwenye mti ni wanga, na wanga uko kwenye sehemu nyeupe ya nje ya gogo. Kwenye kiini hakuna cha kumshibisha. Ndiyo maana mninga, ambao kiini chake kinasifiwa nchi nzima kwa kustahimili wadudu, unaweza kukutwa umetobolewa mstari mmoja ulionyooka kando ya ubao huku sentimita chache pembeni pakiwa salama kabisa. Seremala aliyebana matumizi hakukata ile nyeupe, aliipaka rangi ya kahawia na kuielekeza ndani. Mzee hulijua hilo, kwa hiyo hutafuta kingo za rafu na upande wa ndani wa miguu, akifuata mstari ambapo rangi ya mti inabadilika chini ya rangi ya fundi.

Sasa linakuja jambo ambalo lilinishangaza nilipolielewa. Bungua hupenda mbao changa. Wanga hupungua kadiri ubao unavyozeeka, na kabati la miaka arobaini halina tena cha kumvutia. Kwa hiyo matundu kwenye chombo cha zamani sana mara nyingi ni makaburi: mdudu aliingia ubao ungali mpya, akala, akatoka, akaenda zake. Matundu hayo hayo kwenye stuli ya mwaka jana ni kengele. Mnunuzi mwenye woga hukimbia la zamani na kununua jipya, akaondoka na mdudu. Kuzitofautisha hali hizo kunataka subira kuliko ujuzi. Mdomo wa tundu la zamani umeingia giza na uchafu, pengine vanishi imepenya ndani yake. La karibuni lina mdomo mweupe mkali, na ukigonga jirani yake unga hudondoka. Mzee akibaki na shaka hulipigapiga kabati kwa kiganja, humwomba mwenye mali alifagie vizuri, hutandika karatasi nyeusi chini yake, na kuomba lisisogezwe, naye atapita tena baada ya siku kadhaa. Karatasi ikibaki nyeusi, tunazungumza. Siku hizo chache zimewaudhi wauzaji wengi, na sina budi kusema zimewafukuza wanunuzi wengi pia, maana kuna daima mwingine aliyekuja na fedha taslimu na haraka yake.

Kugonga kuna masikio yake. Kifundo cha kidole kinatembea kwenye ubao kutoka juu kwenda chini, mlio ukijaa, ukijaa, kisha mahali fulani ukawa mtupu. Hapo kidole gumba hubonyeza. Mchwa wa mbao kavu huacha ngozi nyembamba ya nje ambayo vanishi ndiyo inayoishikilia, na kidole huzama. Sindano hufanya kazi hiyo kwa adabu zaidi, kwenye sehemu isiyoonekana: ikikataa kuingia, vizuri; ikiingia bila ubishi, umejibiwa. Nimeona watu wakigonga kila mahali kwa fujo kama wanaopiga hodi kwa mdaiwa. Haisaidii. Mzee hugonga polepole, na huanzia pale anapoamini pana uzima, ili sikio lijue uzima wa ubao huo unalia vipi kabla halijatafuta ugonjwa.

Adui mwingine ni ndoo ya deki. Sakafu zetu hupigwa deki kila siku, na kila siku tambara lenye maji hugusa miguu ya kabati. Mwaka hadi mwaka sentimita kumi za chini hunyonya. Mkongo na mtiki huvumilia. Mbao laini, kama msonobari wa Sao Hill, huoza kimyakimya, na MDF, ubao wa kiwandani, hufura, hupasuka ngozi, ukawa uji mkavu. Kwa hiyo kabla hajatazama milango yenye nakshi, mzee hupiga magoti na kuingiza vidole chini ya kitako. Kilicho laini huko hakiponi kwa vanishi. Kwenye vyombo vilivyotoka mabondeni hutafuta pia mstari wa maji. Mto Msimbazi ukifurika, kama ilivyokuwa Desemba 2011, vyombo vinavyookolewa hukauka usoni kwanza na viungoni mwisho, na plaiwudi ya mgongo huanza kuachana tabaka kwa tabaka kutoka chini. Mstari huo unaweza kufutwa kwa mbele. Nyuma hubaki, umenyooka kwenye kimo kimoja kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Kwenye viungo, mzee hubadilika tabia. Kwenye wadudu ni mpelelezi. Kwenye viungo anakuwa fundi tena, na mikono inakumbuka. Huvuta droo hadi nje, huipindua, na kutazama pembe zake. Meno yaliyochongwa yakashikana yenyewe humfanya anyamaze. Pembe zilizokutanishwa kwa misumari humfanya anyamaze kwa namna nyingine. Kiti hukikalia vibaya makusudi, akiegemea mguu mmoja wa nyuma, kwa sababu ndivyo kitakavyokaliwa na wageni. Kabati hulishika pembe ya juu na kulisukuma kwa mshazari: likirudi lenyewe, ulimi bado umekaa ndani ya tundu lake, likibaki limelala upande, gundi imekufa. Halafu huchukua uzi na kupima kutoka pembe hadi pembe, mishazari yote miwili. Tofauti ndogo husamehewa. Kubwa ina maana kwamba kabati lilisukumwa sakafuni likiwa limejaa nguo, pengine kila mara chumba kilipopakwa rangi.

Gundi iliyokufa haimhuzunishi. Kiungo kizuri hufunguliwa, husafishwa, hutiwa gundi mpya, kikaendelea. Kinachomkasirisha ni msumari uliopigiliwa kwenye ulimi na fundi wa pili, yule aliyeitwa jioni akataka kumaliza kabla ya magharibi. Msumari hupasua ulimi kwa ndani, hushika kwa miezi, kisha hulegea na kuacha kiungo kibaya kuliko mwanzo. Fundi huyo huyo ndiye anayeziba nyufa kwa unga wa mbao uliokorogwa na gundi. Ukipaka vanishi juu, mbali huoni. Ukilaza mwanga wa tochi sambamba na ubao, kiraka hujitokeza: nyuzi za mti zinakuja, zinafika hapo, zinakatika, zinaanza tena ng'ambo. Hakuna mti uliokua hivyo.

Vitanda nitavipita haraka. Toa chaga, mulika matundu ya skrubu na pembe za ubavu, tafuta vidoa vyeusi. Kunguni hawaharibu mbao, lakini hakuna mninga duniani wenye thamani ya kulala nao.

Zanzibar kazi hii hugeuka, maana huko kinachofichwa mara nyingi si maradhi bali ujana. Makasha ya mbao yenye mapambo ya shaba, yaliyokuja kwa majahazi kutoka Gujarati na pwani ya Malabari na kuigwa baadaye na mafundi wa visiwani, yanauzwa Mji Mkongwe ya kale na ya jana bega kwa bega, na si kila mwenye duka atakueleza lipi ni lipi. Kasha lililotumika huchakaa mahali ambapo mkono ulifika: ukingo wa kifuniko pale katikati, kitako cha droo, ubao uliobeba mlango wa siri. Pembe ya nyuma, isiyoguswa na mtu, hubaki kali. Kasha lililozeeshwa kwa msasa na chai huchakaa kila upande kwa usawa, kana kwamba limeishi na watu wenye mikono ishirini. Meza ya duara nayo ina siri nzuri. Mti husinyaa kwa upana wake na kwa urefu hausinyai kwa kiasi cha kutajika, kwa hiyo meza ya kale iliyochongwa duara kamili haiwi duara tena. Pima kwa uzi kufuata nyuzi, kisha pima kuzikata. Vipimo vikilingana kabisa, simulizi ya muuzaji kwamba ilikuwa ya babu wa Oman itabidi ingoje.

Nimeeleza sana ya kukataa, na hapo naweza kuwa nimemdhulumu mzee. Ustadi wake hasa nauona kwenye anayoyasamehe. Duara la kikombe cha chai, alama ya pasi, jina la mtoto lililokwaruzwa kwa bikari chini ya meza, ufa uliofuata nyuzi na kusimama wenyewe miaka iliyopita, ufunguo usio wa kitasa hicho: haya hayaandiki kwenye hesabu yake. Mnunuzi akiyanyooshea kidole ili apunguze bei, mzee hutazama pembeni. Kwake mnunuzi huyo anamtoza chombo faini kwa kosa la kuishi. Ninakubaliana naye, ingawa najua fika kwamba bei ya sokoni haikubaliani na yeyote kati yetu. Kuna watu wanaotaka mbao za zamani zenye uso mpya, na hao wangenunua MDF yenye picha ya mti wangepumzika.

Kuna na adabu. Chombo kingali cha mtu, ndani ya nyumba ya mtu. Huombwa ruhusa kukilaza, hutandikiwa khanga kuukuu chini, na kinachopatikana husemwa kwa sauti ya chini kwa mnunuzi, si kutangazwa kwa majirani. Mzee hakubali kumtukana muuzaji. Mara nyingi muuzaji hajui. Alikirithi, au alikikuta kwenye nyumba ya kupanga, na mdudu hakubisha hodi. Siku moja tulikwenda Mikocheni kutazama kabati la milango mitatu kwa niaba ya dada mmoja anayeanza maisha. Lilikuwa zuri mno kwa uso. Mzee alipiga magoti, akakaa huko chini muda mrefu kuliko kawaida, kisha akainuka na kiganja kimejaa zile chembe.

"Mama, hizi umezionaje?"

"Hizo? Si mchanga wa dari, baba? Nazifagia kila Ijumaa."

"Hapana, mama. Zinatoka humu ndani. Kabati lina wenyewe."

Mama alisogea, akazitazama kwa miwani, akazitazama bila miwani. Dada tuliyemsindikiza alishaanza kurudisha pochi kwenye mkoba. Nilidhani tutaagwa kwa baridi, maana tulikuwa tumemharibia biashara ndani ya nyumba yake mwenyewe. Badala yake mama alimwita kijana wa kazi alete tochi kubwa, akafungua mlango wa chumba cha ndani na kusimama kando.

"Ingia, baba," alimwambia mzee. "Huku mna kitanda cha marehemu na meza yake ya kusomea. Hivyo siviuzi. Nitazamie na hivyo."